Zamu ya Saa Nane Usiku: Mwongozo kwa Nyumba Yenye Mtoto Mchanga

Kwanza mtambueni bosi wenu mpya. Ana kilo tatu na kidogo, hana jino hata moja, saa haijui, na amri zake zote anazitoa kwa kulia. Baba aliyezoea kupiga honi getini na kukuta chai mezani ajue kwamba ndani ya nyumba sasa kuna mkubwa wake. Bosi huyu atakula mara 8 hadi 12 kwa siku, na sehemu kubwa ya milo hiyo ataitaka wakati majirani wamezima taa na muuza chipsi wa kona ameshafunga banda.

Mwongozo huu ni wa kuendesha usiku huo bila mtu kuugua, bila ndoa kuyumba, na bila mtoto kupewa vitu ambavyo tumbo lake haliviwezi. Msimamo wangu nausema mapema ili asiyekubaliana nao afunge gazeti akalale, kama ana bahati ya kulala: mtoto wa wiki tatu anayeamka kila baada ya saa mbili au tatu yuko sawasawa kabisa. Wanaohitaji kufundishwa ni watu wazima wa nyumba hiyo.

Sababu zake za kuamka ni nzito kuliko zetu za kulala. Tumbo lake ni dogo, na maziwa ya mama husagika haraka. Usiku na mchana bado ni kitu kimoja kwake, maana alipokuwa tumboni alipokea melatonini, homoni ya usingizi, kutoka kwa mama yake. Saa ya mwili wake mwenyewe huanza kufanya kazi vizuri akifika miezi miwili au mitatu. Na mwili wa mama nao una ratiba yake. Prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, hupanda zaidi usiku, kwa hiyo mtoto anayenyonya saa nane usiku anajihakikishia maziwa ya kesho. Zaidi ya hapo, maziwa ya usiku yana melatonini ndani yake, na mtoto anayanywa hivyo hivyo. Anayemshauri mzazi wa wiki mbili akate kunyonyesha usiku ili apumzike anamkatia maziwa, na maziwa yakipungua hakuna atakayepumzika humo ndani.

Ushauri wa namna hiyo uliwahi kuvaa koti la daktari. Frederic Truby King wa New Zealand, aliyeanzisha chama cha Plunket mwaka 1907, alifundisha kina mama kunyonyesha kila baada ya saa nne kwa kufuata saa ya ukutani, na usiku mtoto asipewe kitu. Mafundisho yake yalisambaa sana katika himaya ya Waingereza. Leo wataalamu wanasema mtoto mchanga anyonyeshwe kila anapotaka, usiku na mchana. Bibi zetu vijijini, ambao saa ya ukutani hawakuwa nayo, walikuwa wakifanya hivyo siku zote.

Sasa tumshughulikie shangazi. Kila ukoo unaye shangazi mmoja anayekuja kumwona mtoto, anakaa kwenye kochi, anapokea soda, halafu anatamka kwamba wanawe wote walilala usiku kucha tangu wiki ya pili. Msikilizeni kwa adabu, msimwamini. Mwaka 1957 watafiti wawili wa London, Moore na Ucko, walichapisha kazi yao kuhusu watoto wanaoamka usiku, na kipimo walichotumia kusema mtoto "ametulia" kilikuwa kulala kuanzia saa 6 usiku hadi saa 11 alfajiri. Saa tano tu! Kwa kipimo hicho, watoto 7 kati ya 10 walikuwa wametulia walipofika miezi mitatu. Mwaka 2018 Marie-Hélène Pennestri na wenzake wa Kanada walionyesha kwamba kati ya watoto 100 wa miezi sita, 38 walikuwa bado hawajaweza kulala saa sita mfululizo, na walipotimiza mwaka walikuwa bado 28. Watoto hao hawakuwa nyuma kwa akili wala kwa viungo. Basi shangazi aliyelala usiku kucha tangu wiki ya pili, yeye ndiye aliyelala, na kuna mtu mwingine katika nyumba ile aliyekuwa akiamka. Muulizeni bibi.

Kazi ya usiku hufanywa jioni. Ikifika saa mbili, chumba kiwe kimepangwa: jagi la maji ya kunywa karibu na mkono wa mama, maana kiu humshika mara mtoto anapoanza kunyonya, nepi na vitambaa safi vimekunjwa, kanga mbili za akiba, kwa sababu moja italowa maziwa na nyingine itatapikiwa, taa hafifu mbali na macho ya mtoto. Tochi ya simu usimmulike usoni. Simu yenyewe, mama, iache. Mwanga wa skrini unachelewesha usingizi wako, na hakuna habari ya mtandaoni itakayoharibika ukiisoma asubuhi.

Chandarua kinahitaji maelezo yake, kwa kuwa hapo ndipo usiku wa nyumba zetu unapotofautiana na usiku wa vitabu vya Ulaya. Mzazi na mtoto wanalala ndani ya chandarua chenye dawa, kimechomekwa chini ya godoro pande zote. Mama akitoka mara nne kufuata nepi, kopo la maji au kitambaa, chandarua kinafunguka mara nne, na mbu wanaingia. Kwa hiyo utaratibu ni huu: mama na mtoto wanabaki ndani, baba anahudumu nje. Nepi iliyojaa inatoka kwa kona ya miguuni, nepi safi inaingia kwa kona hiyo hiyo, chandarua kinachomekwa tena, na baba anapapasa pindo lote kwa kiganja kuhakikisha hakuna upenyo. Ni kazi ya dakika moja na haihitaji cheti. Baba akiifanya wiki mbili ataijua hata gizani.

Mtoto alazwe chali. Hili halina mjadala. Marekani walipoanza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1994, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa karibu nusu katika miaka iliyofuata. Mito ya mapambo, madubwana ya manyoya aliyotunzwa na wafanyakazi wenzenu na blanketi zito vikae kabatini. Na kofia ya sufu! Nimeona watoto wa Dar es Salaam, mwezi Februari, feni imeelemewa, baba kifua wazi, mama ana kanga moja, na mtoto kavikwa kofia ya sufu, soksi, glavu na blanketi la Njombe. Analia, watu wanasema ana njaa. Mguseni shingo kwa nyuma. Ikiwa ina jasho, mvueni. Mtoto anayepata joto kupita kiasi yumo hatarini, na usingizi hapati. Walio Njombe na Makete wenyewe wana onyo lao: jiko la mkaa lisilale chumbani na watu hata kama makaa yanaonekana yamefifia. Hewa yake inaua, na haitoi harufu ya kumwamsha mtu.

Kuhusu kulala kitanda kimoja, nitasema kweli kwa sababu wengi wetu ndivyo tunavyolala. Salama zaidi ni mtoto awe na mahali pake, karibu na mama, chumba kile kile. Mkilala naye, basi awe chali, mbali na mito, juu ya godoro gumu, na asilale kabisa na mtu aliyekunywa pombe, anayevuta sigara, au aliyemeza dawa ya kulewesha. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo awe na kitanda chake. Na kochi ni marufuku. Mama aliyechoka akikaa kwenye kochi kunyonyesha saa tisa usiku atasinzia, na mtoto ataserereka kwenye ufa kati ya mto na mgongo wa kochi. Heri anyonyeshe kitandani amelala ubavu kuliko kujikaza kukaa sebuleni.

Kisha jifunzeni kusikiliza. Karibu nusu ya usingizi wa mtoto mchanga ni usingizi wa vurugu. Anaguna. Anakunja uso kama aliyelamba ndimu, mkono unapaa, miguu inapiga teke, mdomo unanyonya hewa, jicho moja linafunguka nusu na kuonyesha weupe, anatoa kilio kifupi cha sekunde mbili, kisha kimya. Amelala muda wote huo. Mzazi mwenye pupa anamnyakua, anawasha taa, anamwita jina, na hapo ndipo mtoto anapoamka kweli, akiwa na hasira ya haki. Wekeni kiganja kifuani pake, ngojeni kidogo, tazameni. Mwenye njaa haachi: anageuza kichwa huku na huku akitafuta titi, anafungua kinywa, anatia ngumi mdomoni. Huyo mpe titi sasa hivi, kabla hajafika kwenye kilio, maana mtoto anayelia kwa nguvu hukamata titi vibaya, anameza hewa, na kazi yote inaanza upya.

Akishika, usiku uendelee kuwa usiku. Hakuna kumchekesha, hakuna "nani mzuri wa bibi", hakuna kupiga picha. Nepi ikiwa na kinyesi ibadilishwe katikati, akimaliza titi la kwanza, ili titi la pili limrudishe usingizini. Nepi yenye mkojo kidogo inaweza kungoja. Mcheulisheni kwa utulivu begani, na asipocheua baada ya dakika chache, mwacheni.

Mchana fanyeni kinyume chake. Mapazia wazi, redio inaongea, sufuria zinagongana, mtoto anatolewa barazani aone mwanga. Watu wanaonyata na kunong'ona mchana kwa sababu mtoto kalala wanamfundisha kwamba mchana ndio usiku, halafu wanashangaa. Akilala zaidi ya saa tatu mchana bila kunyonya, mwamsheni ale. Milo ya mchana ikiwa mingi, ya usiku hupungua yenyewe kadiri anavyokua. Ila katika siku za kwanza, kabla hajarudia uzito aliozaliwa nao, aamshwe usiku pia. Watoto wengi hupungua uzito kidogo baada ya kuzaliwa na kuurudia katika wiki mbili, na nesi wa kliniki ndiye atakayewaambia, kwa kadi, lini mnaweza kumwacha alale hadi aamke mwenyewe.

Aliyeshiba na bado analia abebwe. Kumi Kuroda na wenzake wa Japani walichapisha mwaka 2022 kitu ambacho yaya yeyote angewaambia kwa bei nafuu, ila wao walikipimia mapigo ya moyo: tembea na mtoto dakika tano bila kusimama simama, akishalala kaa naye dakika tano hadi nane nyingine, ndipo umlaze. Hizo dakika za kukaa ndizo zinazorukwa na wengi. Baba anatembea vizuri, mtoto anasinzia, baba anamkimbizia kitandani ili na yeye akajilaze, mtoto anafumbua macho, na safari inaanza tena mlangoni. Kaa, ndugu yangu. Hesabu dakika nane.

Jioni kuna kipindi cha fujo. Kuanzia saa kumi na moja hadi saa tatu, mtoto wa wiki chache anaweza kutaka titi kila nusu saa, analiacha, analilia, analishika tena. Nyumba nzima inatoa hukumu: maziwa hayatoshi. Kutoka kwenye sentensi hiyo ndipo zinapozaliwa chupa, kopo, uji mwepesi na vijiko vya maji. Kabla hamjafika huko, hesabuni nepi. Mtoto aliyepita siku ya tano akikojoa mara sita au zaidi kwa siku, na mstari wa kadi yake ya kliniki unapanda, maziwa yanatosha. Mama apewe mtori, au uji wa pilipili manga kama ndio mila yenu, na ziara za wageni ziishe saa kumi jioni.

Na uji wa mtoto? Nimeusikia ukisifiwa kutoka Tanga hadi Kigoma: mpe uji mwezi wa tatu, atalala. Waingereza waliupima mtindo huu wa kuanza chakula mapema kwa watoto zaidi ya 1,300, na matokeo kuhusu usingizi yakatoka mwaka 2018. Walioanza chakula kuanzia miezi mitatu walilala zaidi ya wenzao, kweli. Tofauti ilipokuwa kubwa kuliko zote ilifika karibu dakika 17 kwa usiku. Kwa dakika 17 hizo, katika mji ambao maji ya bomba yanatoka siku yanapotaka na kikombe kinasuuzwa kwenye ndoo, mnaalika kuhara. Shirika la Afya Duniani linasema maziwa ya mama peke yake miezi sita, na katika mazingira yetu mimi nalishika neno hilo kwa mikono miwili. Anayetumia maziwa ya kopo naye asiongeze kijiko cha unga ili mtoto alale zaidi. Unga ukizidi unamlemea figo na kumkausha maji mwilini.

Maji pia hapana, hata kwa joto la Dar. Maziwa ya mama kwa sehemu kubwa ni maji. Mama mkwe akija na kikombe na kijiko, kazi ya kukataa ni ya mwanawe wa kumzaa, na afanye hivi: amwamkie, ampokee kikombe kwa mikono miwili, aseme, "Mama, tumeambiwa kliniki asipewe hata maji mpaka afikishe miezi sita. Tusaidie kulilinda hilo, mama, wengine wakija wakukute wewe." Mtu mzima akipewa ulinzi, analinda. Mkaza mwana hana haja ya kufungua mdomo, wala hapaswi kusukumiwa vita hiyo akiwa na mshono.

Kuna pia suala la mchango. Mtoto akijinyonga na kulia jioni hadi uso unaiva, mtu atasema ni mchango na kuleta chupa ya mitishamba. Daktari Morris Wessel wa Marekani aliandika mwaka 1954 kipimo kinachokumbukwa hadi leo: kilio cha zaidi ya saa tatu kwa siku, zaidi ya siku tatu kwa wiki, kwa zaidi ya wiki tatu, kwa mtoto ambaye vinginevyo ni mzima na ananenepa. Kilio hicho hufikia kilele karibu na wiki ya sita na huisha mwezi wa tatu au wa nne, kwa dawa na bila dawa. Dawa ya aliyepewa mitishamba inasifiwa kwa kazi iliyofanywa na kalenda. Maji maarufu ya kutuliza tumbo aliyoyabuni William Woodward huko Uingereza mwaka 1851 yalikuwa na pombe ndani yake kwa zaidi ya miaka mia moja. Haishangazi kwamba watoto walitulia. Ya leo hayana pombe, lakini mtoto wa chini ya miezi sita hayahitaji hayo wala mitishamba.

Sasa baba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akijifungua mapacha. Baba anapewa angalau siku tatu, azichukue ndani ya siku saba baada ya mtoto kuzaliwa. Siku tatu! Zinatosha kwenda hospitali, kununua ndoo na beseni, kupokea simu za hongera, na kurudi ofisini kugawa soda. Naona ni aibu ya kisheria na ningependa wabunge wetu waliolelewa na mama zao waiondoe. Mpaka waiondoe, baba atumie usiku, ambao hauhitaji kibali cha mwajiri.

Kunyonyesha hawezi. Mengine yote anaweza: kumtoa mtoto kitandani kwake na kumpa mama, kucheulisha, nepi, kutembea naye dakika tano na kukaa naye nane, kumrudisha, kukagua chandarua, kumjazia mama jagi. Mama akinyonyesha saa tatu usiku alale papo hapo, na mtoto akae na baba sebuleni hadi mlo unaofuata, hata kama mpira haujaisha. Saa tatu mfululizo za mama zina thamani kuliko saa sita zilizokatwakatwa. Najua kuna baba wanaojifanya wamelala. Wanatambulika kirahisi: mtoto akianza kulia, mkoromo unapanda sauti. Mpigeni kumbo. Hoja ya "nina kazi kesho" isipokelewe, kwa kuwa anayekaa na mtoto naye ana kazi kesho, na yake haina saa ya kutoka.

Wala usiku usitupiwe dada wa kazi. Binti aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kufagia uwanja na kufua nepi hawezi kuamshwa saa nane usiku abembeleze. Hiyo si zamu yake, na mshahara mnaomlipa mnajua wenyewe. Mama anayelea peke yake amwite mtu wake, mdogo wake au mama yake mzazi, kwa wiki za mwanzo; arobaini zetu zilikuwa na maana hiyo, mzazi kuzungukwa na mikono mingine. Wanaomtembelea waje na chakula kilichopikwa na waondoke wameosha vyombo.

Likizo ikiisha, sheria hiyo hiyo inampa mama hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Zidaini kwa maandishi. Wengi watakamua maziwa, na kwenye chumba cha nyuzi 25 yanakaa hadi saa nne tu. Dar mara nyingi ni joto kuliko hapo, kwa hiyo yaende kwenye friji au kwenye chombo chenye barafu upesi. Mtoto ayanywe kwa kikombe kidogo kisafi, kinachosafishika kuliko chuchu ya chupa. Na mjiandae: mtoto aliyemkosa mama mchana kutwa hulipiza usiku, ananyonya mara nyingi kuliko alivyokuwa mwezi uliopita. Amemkumbuka mama yake. Wiki hizo baba aongeze zamu.

Usingizi mrefu unakuja. Kuanzia miezi mitatu au minne anzeni utaratibu mfupi usiobadilika: kuoga, mafuta, titi, wimbo ule ule, giza. Jaribuni kumlaza akiwa anasinzia lakini hajazama, ili akishtuka katikati ya usiku ajikute pale alipolalia. Wapo wanaokubali, wapo wanaolia mpaka jirani agonge ukuta; mkipata wa pili, mbebeni, jaribuni tena wiki ijayo. Mama amnyonyeshe mara ya mwisho yeye mwenyewe anapokwenda kulala, saa nne au saa tano, hata kama mtoto ana usingizi, ili kipande kirefu cha mtoto kiangukie kwenye kipande kirefu cha mama. Mwezi wa nne wengi huharibikiwa tena kwa sababu usingizi wao unabadilika ufanane na wa watu wazima. Hamjakosea kitu. Baada ya miezi sita na chakula kuanza, milo ya usiku ipunguzeni mmoja mmoja, taratibu, mkianza na ule anaonyonya kidogo na kusinzia. Shubiri na pilipili kwenye chuchu zikae mbali na mtoto. Anayejibiwa njaa kwa uchungu hajafundishwa kulala, ameumizwa.

Mambo mawili hayangoji asubuhi. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au aliyepoa chini ya 35.5, anayekataa kunyonya, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, anayebonyea kifua akivuta hewa, aliyepata degedege, au aliyekuwa njano hadi viganja na nyayo, apelekwe kituo cha afya usiku huo huo, bodaboda au bajaji, msingoje kuuliza mtu. La pili ni mama. Anayelia kila siku kwa zaidi ya wiki mbili, asiyelala hata mtoto anapolala, anayesema mtoto angekuwa heri bila yeye, anaumwa, na ugonjwa wake unatibika. Msimwite mvivu, msimpeleke kwa mganga wa majini. Akizungumza kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata dakika moja, aende hospitali.

Halafu utafika usiku ambao mtoto atalala saa tano mfululizo. Mama atashtuka saa kumi alfajiri, kanga imelowa, matiti yamekuwa mawe, moyo unadunda, ataweka kiganja chini ya pua ya mtoto. Anapumua. Asimwamshe. Akamue kidogo tu, kiasi cha kupunguza maumivu, kwa kuwa akikamua yote mwili utaendelea kutengeneza kwa ajili ya mlo ambao mtoto ameshauacha. Kisha abadilishe kanga, anywe maji, alale. Kesho asimpigie shangazi simu kutamba. Bosi anaweza kuamka mara nne usiku unaofuata, na zamu ya saa nane ni ya baba.